Barua kwa mwanangu aliye Doha: huyo kapteni atajibu kwa nani?

Assalaam alaykum mwanangu,

Video zako zimefika, zote. Ile ya Kapteni Traoré, mwanajeshi anayetawala Burkina Faso, na kofia yake nyekundu, ile ya umati wa Ouagadougou, mji mkuu wake, ukipepea bendera za Urusi, na ile ya sauti ya kompyuta inayomsifu kama mtangazaji wa mpira. Chini yake ukaandika, "Kenya nayo yataka mtu kama huyu." Haikupita saa, binamu zako wakajaza alama za moto na ngumi. Mimi nilinyamaza. Grupu ile ni ya arusi na misiba, na nikifungua mjadala pale shangazi zako watanitoa. Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu si wewe peke yako usemaye hivyo. Nayasikia Kibokoni kwenye kahawa, nayasikia tukingoja feri Likoni, na kijana anayeniuzia viazi karai ana picha ya huyo kapteni kwenye kava ya simu. Jina lako silitaji. Wakujuao watakujua tu.

Nianze na palipo na haki yako. Ukisema marais waliopinduliwa hawakuwa malaika, sina la kubisha. Kule Guinea, Alpha Condé alibadilisha katiba mwaka 2020 ili apate muhula wa tatu, na Septemba 2021 Kanali Mamady Doumbouya akamtoa. Conakry ikashangilia, na lau ningekuwa pale huenda nami ningepiga vigelegele. Gabon ilikuwa mikononi mwa baba na mwana, ukoo wa Bongo, tangu 1967 mpaka Agosti 2023. Na Wafaransa? Waliingia Mali na jeshi lao mwaka 2013, wakatoka 2022, na siku wanatoka wanamgambo walikuwa wameenea sehemu nyingi kuliko siku walipoingia. Mwenye nyumba akisema mgeni huyu aende, ana haki. Hasira yako naielewa, na bei ya unga naijua kukushinda wewe unayekula kwenye kantini ya kampuni.

Lakini umati unaoshangilia sio ushahidi. Januari 25, 1971, Idi Amin alipompindua Obote, Kampala ilicheza barabarani. Mwaka uliofuata Wahindi wa Uganda walipewa siku 90 wawe wameondoka, na baadhi yao walisafiri kwa gari la moshi hadi hapa Mombasa kupanda meli za kwenda India. Wale walioshangilia 1971 walisubiri mpaka Aprili 1979, na Amin hakutolewa nao. Alitolewa na jeshi la Tanzania likiwa na Waganda waliokuwa uhamishoni, baada ya vita kamili.

Najua utaniletea Sankara, yule rais wa Burkina Faso wa zamani. Mlete. Aliingia kwa mtutu Agosti 1983, na mengi aliyoyafanya nayapenda hata mimi. Akauawa Oktoba 15, 1987, akauawa na askari, na aliyekaa kwenye kiti chake ni rafiki yake wa kambini, Blaise Compaoré. Huyo akakaa miaka 27. Aliyemwondoa Compaoré 2014 hakuwa kapteni wala kanali, walikuwa raia waliojaa barabarani. Mwaka mmoja baadaye kikosi cha ulinzi wa rais kikajaribu kupindua tena, kikashindwa. Sasa nyinyi vijana mnachukua kifo cha Sankara mnakifanya hoja ya kutaka mwanajeshi mwingine, na mimi nikikitazama kifo kile naona kambi imemla mwanawe.

Ila mfano ninaoutaka hasa hauko huko mbali. Nashangaa mnavyoruka bara zima mpaka Ouagadougou na kuviacha visiwa ambavyo nusu ya Mji wa Kale ina bibi au mjomba huko. Wangazija wa hapa waulize.

Komoro ilijitangazia uhuru Julai 6, 1975. Hata mwezi haukutimia, Agosti 3 rais Ahmed Abdallah akapinduliwa, na kwenye kazi hiyo alikuwamo Bob Denard, Mfaransa mmoja askari wa kukodiwa. Baadaye akapanda Ali Soilih. Mei 1978 Denard yule yule akatokea baharini na mamluki kama 50, akampindua Soilih na kumrudisha Abdallah. Soilih hakuumaliza mwezi huo hai. Kuanzia hapo kikosi cha walinzi wa rais kikawa chini ya Denard na watu wake, wakala na kushiba, wakawa ndio wenye nchi, mpaka Novemba 1989 Abdallah alipouawa kwa risasi ndani ya ikulu ambayo wao ndio waliokuwa wakiilinda. Denard akaondolewa. Septemba 1995, akiwa mzee wa miaka 66, akarudi tena usiku na boti za mpira, akamkamata rais Djohar. Safari hii Ufaransa ikatuma jeshi kumtoa.

Utaniambia hao ni wazungu wa kukodiwa, sio jeshi la wananchi. Haya, endelea kusoma. Aprili 1999 mzungu hakuhitajika tena. Mkuu wa jeshi mwenyewe, Kanali Azali Assoumani, alichukua nchi. Nimpe haki yake, 2006 aliachia. Akarudi kwa kura 2016, na miaka miwili baadaye katiba ikabadilishwa, ule mpango wa urais kuzunguka kati ya visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali ukasogezwa, naye bado yupo. Kati ya hapo, Nzwani ikapata kanali wake, Mohamed Bacar, aliyegoma kuondoka 2007. Machi 25, 2008 Umoja wa Afrika ukaunga mkono jeshi la Komoro kumwondoa, na walioshuka ufukweni pamoja nao ni Watanzania na Wasudani. Wasudani, mwanangu! Askari wa Omar al-Bashir, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi 1989, wametumwa kurudisha demokrasia kisiwani. Bacar akakimbia kwa boti hadi kisiwa cha Maore (Mayotte), kwa Wafaransa hao hao.

Hesabu mwenyewe. Kila aliyeingia alikuja na sababu, na nyingine zilikuwa sababu za kweli. Lakini kila alipoingia mmoja, wengine kambini walijifunza kwamba mlango wa ikulu unafunguka. Ukishajifunza jambo hilo hutalisahau. Wewe kazi yako ni ulinzi, unalijua hili kunishinda. Usiku funguo za ghorofa zote ziko kiunoni mwako, mwenye jengo yuko kwake amelala. Unazishika vizuri kwa sababu kuna msimamizi, kuna kamera, kuna kitabu cha zamu, na kuna mtu anayeweza kukwambia kesho usije. Siku utakayohamia chumba cha mwenye jengo kwa sababu yeye ni mlevi na halipi bili ya maji, huenda wapangaji wakakupigia makofi. Mwenzako wa zamu ya mchana, naye ana funguo zizo hizo, anakutazama.

Sasa turudi kwa kapteni wako. Januari 2022 Luteni Kanali Damiba alipindua Burkina Faso akasema sababu ni usalama. Septemba 30 mwaka huo huo Traoré akampindua Damiba, na sababu ikawa usalama. Zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wameshayahama makazi yao kufikia mapema 2023, katika nchi ya watu kama milioni 23, kisha serikali ikaacha kutoa hesabu mpya. Agosti 2024 karibu na mji wa Barsalogho watu walikuwa wakichimba handaki la kuulinda mji. Jamaa zao walisema jeshi liliwalazimisha. Wanamgambo wakawakuta pale pale kwenye handaki, wakaua mamia. Kura iliyokuwa imeahidiwa kwa Julai 2024 ilishasogezwa miaka mitano mbele. Mali vivyo hivyo. Jenerali Goïta aliahidi kura ya Februari 2022, na Julai 2025 akapewa miaka mitano inayoweza kuongezwa bila ya kupigwa kura. Niger, Jenerali Tchiani akala kiapo Machi 2025, miaka mitano pia. Naona wamekubaliana kipimo.

Na Bamako, mji mkuu wa Mali? Tangu Septemba 2025 wanamgambo wa JNIM wakawa wanachoma malori ya mafuta yanayotoka Dakar na Abidjan. Nchi haina bahari, kama Uganda inavyotegemea haya malori unayoyajua ya Changamwe na Miritini. Vituo vikakauka, na mwishoni mwa Oktoba shule za nchi nzima zikafungwa kwa wiki mbili. Wafaransa walishaondoka. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilishaondoka. Warusi walikuwapo. Kiongozi ni mwanajeshi, na waziri mkuu ni jenerali. Ile kazi moja waliyosema raia hawaiwezi, nayo imewashinda, na hakuna wa kuwauliza.

Hapo kwenye kuulizwa ndipo ninapotaka ukae nami, maana wewe ni mtoto wa Majengo, hapa Mombasa.

Unawajua askari kanzu. Unajua ile gari isiyokuwa na nambari za kueleweka, unajua mama aliyezunguka stesheni zote za mji akiambiwa mwanawe hayuko kwenye kitabu. Pwani tuna watu waliopotezwa, na tulikuwa na hili neno kabla Nairobi haijaanza kulilia vijana wake wa 2024. Masheikh wamepigwa risasi barabarani mchana, Sheikh Aboud Rogo akiwa garini na familia yake Agosti 2012, na mpaka leo hakuna aliyefungwa kwa hilo. Hata kama uliyapinga mahubiri yake, kama nilivyoyapinga mimi, mahali pake palikuwa mahakamani, na kesi alikuwa nayo. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Hii ndiyo sura ya mwenye bunduki akiwa hana wa kumjibu. Sisi hatuhitaji kuisoma kwenye habari za Sahel.

Lakini kumbuka na lililofuatia shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliposhambuliwa wanafunzi na kuuawa watu 148. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali wa polisi alitoa orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, na humo wakatiwa Haki Africa na MUHURI, mashirika mawili ya hapa Mombasa ambayo kosa lao ni kuuliza waliopotezwa wako wapi. Akaunti zao zikafungwa. Walikwenda Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa, na kabla mwaka haujaisha jaji akasema hakuna ushahidi, fungueni akaunti. Zikafunguliwa. Mwaka uliofuata ripoti ya watu 81 ikatoka.

Jaji yule hakuwa na bunduki hata moja. Alikuwa na karatasi. Inspekta Jenerali, na polisi wote alio nao, akatii karatasi. Mashaka yako kuhusu mahakama zetu ninayo hata mimi, tena mengi, na najua kesi ngapi zimelala pale. Lakini nitafutie jambo kama lile Ouagadougou ya leo. Kuna mtu kule anaitwa Daouda Diallo, alikuwa akikusanya habari za raia waliouawa, na akapewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo 2022. Desemba 2023 alichukuliwa mjini na watu wasiojulikana, akitoka ofisi ya pasipoti. Siku chache baadaye picha yake ikaenea akiwa na magwanda na bunduki, amepelekwa vitani, kwa sababu amri ya kapteni inaruhusu kuandikisha jeshini yeyote. Mkosoaji hafungwi, anapelekwa mstari wa mbele. Mama zetu wa Majengo, waliokaa miaka wakishika picha za wanao nje ya mahakama, wangekwenda kushika picha hizo wapi?

Nawe usinielewe vibaya kuhusu jeshi letu. Wako vijana wa Mtongwe kwenye jeshi la majini ambao nimewafundisha madrasa, na Septemba 2012 walikuwamo wanajeshi wa Kenya waliotua kutoka baharini kuiteka Kismayo kule Somalia. Ni mashujaa, hilo silitoi. Ninalouliza ni lile lile. Oktoba 2011 tuliingia Somalia tukiambiwa ni kuwafuata waliowateka watalii Lamu na wafanyakazi wa misaada Dadaab. Kura ya Bunge ya kutuingiza vitani hatukuiona. Tumebadilisha majina tu ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ATMIS, sasa AUSSOM, na bado tuko. Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde huko ilivamiwa, na hesabu rasmi ya waliokufa haikutangazwa kamwe. Mama wa mwanajeshi hajui mwanawe alikuwa wa ngapi. Wavuvi wa Lamu nao walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kwa ajili ya usalama, na mvuvi asiyevua usiku ni mtu aliyekaa tu na nyavu zake. Kama jeshi likiwa chini ya raia hali ni hiyo, likiwa juu yao hesabu hiyo utaiomba kwa nani?

Katiba yetu, ibara ya 241, inasema jeshi halitolewi kutuliza fujo ndani ya nchi mpaka Bunge la Taifa likubali. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni Nairobi, wanajeshi waliitwa siku hiyo hiyo na Bunge likapitisha kesho yake, mambo kinyume. Nilikasirika. Lakini kukawa na mtu wa kwenda kortini, na jaji aliyekubali wabaki akaiamuru serikali itangaze mipaka ya kazi yao na muda wake. Kidogo, ndio. Ni kidogo kile ambacho kapteni wako hufuta siku ya kwanza, kabla hajagusa mkataba hata mmoja wa dhahabu.

Na sisi tulishaonja, ingawa wewe hukuwa umezaliwa. Agosti 1, 1982, Jumapili asubuhi, wanajeshi wa angani waliteka redio wakatangaza wamepindua. Yalizimwa siku hiyo hiyo. Jeshi lote la anga likavunjwa, chuo kikuu kikafungwa, na Moi aliyetoka pale hakuwa Moi aliyeingia. Mapinduzi yalishindwa na bado tuliyalipa miaka 20.

Utasema, vijana wa Madagascar je? Nimewafuatilia sana, ni jirani zetu wa bahari. Septemba 2025 waliingia barabarani kwa ajili ya maji na umeme, kama vile mngeweza kuingia nyinyi. Wakapigwa. Oktoba kikosi cha CAPSAT kikawageukia wakubwa zake, rais Rajoelina akakimbia, Kanali Randrianirina akaapishwa. Kikosi hicho hicho cha CAPSAT ndicho kilichompandisha Rajoelina mwaka 2009. Waliomwagika damu ni watoto wa maji na umeme, aliyeapishwa ni kanali. Namwombea afanikiwe, wallahi, kwa ajili yao. Ila nimeshaiona Komoro.

Basi tufanye nini, ndio swali lako, na sina jibu la kukufanya upige ngumi mezani. Nilichonacho ni kazi ya kuchosha: kuwauliza wabunge wetu wa Pwani bajeti ya ulinzi inakwenda wapi, kudai ile hesabu ya El Adde, kukaa na wale akina mama siku ya kesi hata ikiahirishwa mara ya tisa. Na kura. Najua utacheka. Doha ilikuwa na kituo 2022, pale ubalozini, lakini kwa kura ya rais tu. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Angalia pasipoti yako haijaisha, kisha ujiandikishe mapema. Na kama unataka kumchagua gavana na mbunge, huko hutaweza, itabidi ujiandikishe Mombasa na uwepo siku ile. Nauli ya Agosti ni ya watalii, bora uanze kuweka sasa. Ukikwama, nusu nitachangia mimi.

Ami yako,
Mombasa